Chumvi Mbele ya Sikio

Diski ya tisa ilikuwa inagonga.

Tausi Banzi alikibana kipimo cha kusikilizia, kile cha madaktari, kwenye ubavu wa diski, akafumba macho. Tik. Kimya. Tik, tik. Akahamia diski ya nane. Hiyo ilivuma mvumo mmoja tu, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Akarudi kwenye ya tisa. Tik.

Nyuma yake Asumini Kobero aliinuka kutoka kwenye benchi.

"Inaumwa, eh? Dada Tausi, niambie ukweli. Inaumwa?"

"Kaa kwanza."

"Nimeisikia mwenyewe inagonga."

"Hata mlango unagonga, mwenzangu, na nyumba haijaanguka. Kaa."

Asumini alikaa ukingoni mwa benchi, mkoba juu ya magoti. Tangu asubuhi alikuwa anamwomba Mungu diski ile iwe mbovu.

Siku zile kila nyumba ya Kitete Mpya ilikuwa na sikio juu ya mlango, dude dogo jeusi mfano wa kizibo cha soda. Mtu akizaliwa, akioa, akiusia, akishtaki, alisema chini ya sikio, na neno lake lilikwenda kuandikwa kwenye diski katika Nyumba ya Mashahidi. Sheria hiyo ilikuja baada ya miaka ile mibaya ambayo yeyote aliweza kutengeneza sauti ya yeyote. Baba anapigiwa simu, mwanawe analia ametekwa, kumbe mwanawe yuko shambani anapalilia mahindi. Mabaraza yalijaa sauti za watu ambao hawakufungua mdomo. Ndipo ikaamuliwa kwamba sauti ya kweli ni ile tu iliyo kwenye diski za sahani, zilizofungwa kiwandani, ambazo zikishaandikwa hazifutiki. Zinaweza kuharibika, watu wakaambiwa, lakini kudanganya haziwezi. Watu walishangilia. Wengine walipigilia misumari ya masikio kwa mikono yao.

Kazi ya Tausi ilikuwa kujua diski ipi imeharibika. Ndani ya diski mna sahani zinazong'aa, zimepangwa juu kwa juu kama vifuniko vya sufuria, na zinazunguka mchana kutwa. Juu ya kila sahani kuna mkono mwembamba wenye kichwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Kichwa hicho kinaelea. Kinasoma na kuandika bila kuigusa sahani hata kidogo. Siku kikigusa, kinachuna, na palipochunwa hapasomeki tena. Na sheria ilisema, likionekana doa kwenye mduara mmoja wa sahani, maneno yote ya mduara huo yanaanguka, kwa maana hakuna ajuaye doa limekula mpaka wapi. Hapo watu hurudi kwa mashahidi wa midomo, kama zamani.

Asumini alilitaka doa hilo. Alilitaka kwenye mduara mmoja tu.

*

"Nitaisikiliza tena sauti yenyewe," Tausi alisema. "Ni utaratibu. Ukitaka, toka nje."

"Nitoke vipi? Ni sauti yangu."

Tausi aliigusa skrini. Kwanza ilisikika mvua ya masika ikipiga bati, halafu vicheko vya wanawake, halafu sauti ya Shahidi, mashine inayoandika maneno ya masikio, kavu kama ubao.

"Mtoto amezaliwa. Ni wa nani?"

"Hata sijui!" Hiyo ilikuwa sauti ya Asumini, changa na iliyochoka. "Wa jalalani huyo. Namtupa. Anayetaka takataka aokote."

"Nimeokota mimi!" mwanamke mwingine alidakia. "Mngoni haachi kitu chini. Shika chumvi yako, Mluguru, kesho usije ukasema nimekuibia."

"Nimepokea. Nenda naye, wala usinirudishie."

"Jina la mtoto?" Shahidi aliuliza.

"Mtupeni."

"Agizo halijaeleweka. Jina la mtoto?"

"Ndilo hilo jina, baba wewe! Mtupeni!"

Wanawake walivunjika mbavu. Vigelegele vikapanda, na chini ya vigelegele, kwa anayetega sikio sana, Shahidi alimalizia: "Imeandikwa. Mzazi amemkataa mtoto. Mtoto amenunuliwa. Malipo, chumvi. Mwenye mtoto, Pili Komba."

Siku ile hakuna aliyemsikia.

Watoto watatu wa Asumini waliomtangulia Mtupeni hawakufika arobaini yao. Kwa hiyo huyu wa nne alifanyiwa kama wanavyofanyiwa watoto wa namna hiyo. Anatupwa, mtani anamwokota, anamnunua kwa kitu kidogo, ili kile kinachochukua watoto kikija kuuliza mwenye mtoto yuko wapi, kiambiwe hapa hakuna mtoto, kuna takataka ya Wangoni. Mambo hayo huwa yanafanyika jalalani penyewe. Lakini siku ile mvua ilikuwa kubwa, mzazi hana nguvu, wanawake wakasema jamani tusimlowanishe mtoto, tumalizie hapahapa mlangoni. Juu ya mlango kulikuwa na sikio.

Mzazi mwenzangu, sikio halijui utani. Halijui kwamba mtu anaweza kusema sikutaki kwa sababu ya kutaka mno. Kabla hujafungua kinywa juu ya mtoto wako, inua kichwa kwanza utazame mlangoni.

Miaka tisa mambo yalikwenda bila shida. Mtupeni alinyonya kwa Asumini, akalala kwa Asumini, akachapwa na Asumini. Ila Asumini hakumwita mwanangu hata siku moja. Alimwita mtoto wa Pili. Kisha midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya bluu kila akipanda ngazi ya shule, na hospitali ikasema moyo una tundu, unahitaji kiraka. Kiraka hicho huoteshwa kutokana na nyama ya mama, kipande kidogo mfano wa ukucha. Nyama ya mtu baki moyo unaikataa. Na kwa sababu watu waliwahi kuuza nyama zao, hospitali haikati mpaka diski iseme huyu ndiye mama.

Hospitali iliuliza. Diski ikajibu, siye.

*

Tausi alichukua bisibisi, akafungua wavu wa feni upande wa nyuma wa kabati. Kiota cha nyigu kilikuwa kimebandikwa kwenye pembe, udongo mkavu, na kipande chake kimening'inia mahali ambapo bawa la feni linapita. Alikikwangua kwa kucha. Kikadondoka sakafuni. Akarudisha kipimo kwenye diski ya tisa, akasikiliza kwa muda mrefu.

Mvumo mmoja tu.

"Ni nyigu," alisema.

"Nyigu gani?"

"Feni ilikuwa inagonga kiota cha nyigu. Diski haikuwa na neno."

Asumini alitazama udongo ule sakafuni. "Ungekiacha," alisema polepole. "Ungekiacha tu, dada. Kilikuwa kinakuudhi nini?"

Tausi alibadilisha kebo, kwa kuwa kebo mbovu huisingizia diski, na mkaguzi asiye makini huzika diski nzima kwa kosa la waya. Kisha akaomba taarifa ya afya. Kila diski hujitunzia habari zake yenyewe: joto lake, mara ngapi imeshindwa kusoma, sehemu ngapi zimechoka hata ikabidi ihamie kwenye akiba. Diski ya tisa haikuwa imeshindwa chochote. Mwisho aliamuru ukaguzi wa uso mzima, ambapo kichwa kinapita mduara kwa mduara toka ukingoni mpaka katikati, na kazi hiyo haina haraka. Kwenye skrini vijisanduku vya kijani vilianza kujipanga. Doa lingekuja na rangi nyekundu.

Walikaa wakitazama. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Pili Komba, mnene, kanga begani, amemshika Mtupeni mkono. Mtoto alipumua kwa mdomo. Alikuwa amevaa gauni la Ijumaa, kwa sababu Ijumaa gari la hospitali lingefika, na yeye alitaka kulizoea gauni lake.

"Vipi, mtani?" Bi Pili alisema. "Limekufa hilo dubwana?"

"Zima kama wewe."

"Basi halifi. Sisi hatufi ovyo kama nyie wa mlimani." Alijitupa kwenye benchi, benchi likalia. "Si mniandike mimi tu, nikatwe hiyo nyama? Ninayo, ona. Mnaweza kukata viraka vya mtaa mzima."

"Moyo utaikataa, bibi," Mtupeni alisema. "Daktari alisema. Nyama ya mtu baki."

"Mtu baki ni nani? Mimi nimekununua wewe."

"Kwa chumvi."

"Chumvi ya mawe, siyo hii ya pakiti! Usijishushe bei."

Mtoto alicheka, akakohoa, akakaa chini pale mlangoni kupata hewa. Wanawake watatu walisubiri mpaka kifua chake kitulie. Ndipo vijisanduku vilipofika mwisho. Vyote vilikuwa vya kijani.

*

Asumini alimpa Bi Pili ishara ya macho. Bi Pili akamtoa mtoto uani. Asumini alisogea mpaka karibu na kabati.

"Sema lina doa."

"Asumini."

"Neno moja. Unasimama pale chini ya sikio, unasema diski ya tisa ina doa. Nani atakuuliza? Mkaguzi ni wewe. Au iguse. Si umesema kile kichwa kinaelea? Kofi moja tu la bisibisi, kitagusa."

Alikuwa sahihi. Diski inayozunguka haivumilii kofi. Tausi alikitazama kishikio cha bisibisi mkononi mwake, mpira mwekundu uliolika kwenye kidole gumba. Yeye naye alikuwa na binti, mkubwa kidogo kuliko huyu.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Rahisi. Simama na Bi Pili chini ya sikio, umrudishie chumvi yake, useme mtoto ni wako. Itaandikwa leo, Ijumaa mnaondoka."

"Hiyo ndiyo rahisi?" Asumini alicheka bila furaha. "Nimewazika watatu. Wote niliwaita mwanangu. Huyu sijamwita, yupo. Wewe una shule yako, utaniambia ni bahati. Sawa. Nisimame niseme kwa sauti, Asumini ana mtoto, huyu hapa, na kesho yake wampasue kifua? Diski ikiwa mbovu, hakuna aliyemnunua wala aliyemrudisha. Mdomo wangu haujasema kitu. Umenielewa?"

Tausi alimwelewa vizuri kuliko alivyotaka.

Alirudi kwenye skrini akaandika swali. Shahidi aliorodhesha kwenye skrini kilichomo kwenye mduara ule pamoja na chumvi ya Bi Pili, na Tausi alisoma kimyakimya. Mdogo mmoja aliyegawana shamba na kaka yake. Wasia wa kisima. Ndoa mbili. Na neno la msichana aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati ule, aliyesema mara moja, chini ya sikio la shule, kitu ambacho baba yake wa kambo alikuwa anamfanyia. Neno hilo ndilo lililomfunga yule mtu. Mwingine aliyeshuhudia hakuwepo.

Tausi aliona jinsi ambavyo ingekuwa: kofi, mkwaruzo mfupi, kisanduku chekundu. Mtupeni anapata mama. Na gereza linafunguliwa mlango kwa mtu mmoja.

Alifikiri pia kwamba pengine msichana angekubali kusema tena. Alifikiri jambo hilo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo haki. Kisha akaiweka bisibisi mezani.

"Sikatai kwa sababu ya sheria," alisema. "Kwenye mduara huu kuna mtoto wa mtu mwingine."

"Nani?"

"Siruhusiwi."

"Amezikwa?"

"Yu hai. Alisema neno, na neno lake ndilo linalomlinda. Likianguka, aliyemtenda anarudi nyumbani."

Kitete Mpya si mji mkubwa. Tausi aliuona uso wa Asumini ukipita nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, mpaka ukafika.

"Yule wa mtaa wa reli," Asumini alinong'ona. "Yule ambaye siku hizi haongei."

Tausi alianza kukunja waya za vipimo vyake.

"Na mama yake tunasaga unga mashine moja." Asumini alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Jumapili alinipa pishi ya mtama, ya uji wa mtoto. Alisema, mpe Mtupeni." Halafu akasema kwa hasira, lakini hasira haikumlenga Tausi, "Kwa nini waliliweka neno lake pamoja na langu?"

"Yalisemwa siku moja. Diski haichagui majirani."

*

Chumvi waliipata jikoni kwa mlinzi. Ilikuwa ya pakiti, na Bi Pili alilalamika kwamba analaliwa bei, alitoa mawe anarudishiwa unga. Hakuna aliyecheka, naye aliona, akaacha.

Walisimama chini ya sikio. Tausi alitangulia, kwa kuwa ndiyo kanuni.

"Mkaguzi Tausi Banzi. Diski ya tisa ni nzima. Haina doa."

"Imeandikwa," Shahidi alisema.

Asumini alinyoosha kiganja chenye chumvi. Nyingine ilimwagika kwenye viatu vya mtoto. "Pili Komba, nakurudishia chumvi yako."

"Nimepokea."

"Tamko halijakamilika," Shahidi alisema. "Mtoto ni wa nani?"

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Mtupeni alimtazama mwanamke aliyemlea, aliyekuwa hapumui kama yeye mwenyewe anavyoshindwa kupumua akipanda ngazi.

"Sema tu," mtoto alisema. "Mi siogopi."

"Wangu," Asumini alisema. "Mtupeni ni mwanangu. Nimemzaa mimi."

"Imeandikwa."

Mashine ikarudi kwenye mvumo wake. Asumini alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani. Hapo ndipo Bi Pili alipomkamata mkono.

"Haya, machozi baadaye. Jalala la hapa liko wapi?"

"Nyuma ya ukuta," Tausi alisema. "Kuna nini?"

"Kuna sikio huko?"

Tausi alifikiri. "Hakuna. Nani aweke sikio jalalani?"

"Basi. Safari hii hakuna mvua."

Tausi aliwatazama kupitia dirisha lenye nondo. Waliruka mfereji, wakapita magunzi na kebo kuukuu alizozitupa yeye mwenyewe. Mtupeni alikataa kulazwa, alisema gauni ni la Ijumaa, basi wakakubaliana achuchumae. Asumini alimwachilia mkono, akageuka, akaondoka hatua chache bila kutazama nyuma. Bi Pili akainama, akamwinua mtoto wa miaka tisa kama mzigo wa kuni, akimlaani kwa uzito, akamfuata Asumini, akatoa kitu kwenye pindo la kanga na kukitia kwenye kiganja cha mtani wake. Midomo yao ilikuwa inakwenda. Ndani ya chumba hakikusikika kitu, na sikio juu ya mlango halikuandika kitu.

Ijumaa gari lilikuja kabla jua halijawa kali. Nalo lilikuwa na sikio, juu ya mlango wa nyuma. Nesi alishuka, akatia kipimo cha joto sikioni mwa mtoto, akauliza bila kuinua kichwa, "Mama wa mtoto ni nani?"

Mtupeni alimwonyesha Asumini kwa kidole.

"Semeni kwa mdomo," nesi alisema. "Sikio halioni."

"Mimi," Asumini alisema.

Na Bi Pili, aliyesimama ng'ambo ya barabara mbali na gari, alitikisa kichwa kukataa, kwa nguvu, kulia na kushoto, ili mwingine yeyote aliyekuwa anatazama aone vizuri.